Janusz Korczak, Daktari wa Mayatima

Watungaji wa hadithi za watoto ni wengi, lakini waliokaa na watoto usiku na mchana ni wachache. Mmoja wao alikuwa Janusz Korczak wa nchi ya Polandi.

Jina lake la kuzaliwa ni Henryk Goldszmit, Myahudi, mwana wa wakili wa mji wa Warsaw. Alizaliwa mwaka 1878 au 1879. Baba yake alichelewa kumwandikisha, hata mwaka wenyewe haukujulikana kwa hakika. Siku zile Warsaw ilikuwa chini ya Urusi. Baba alipatwa na wazimu, akafa mwaka 1896, na kijana ikambidi kufundisha watoto wa watu majumbani ili mama yake apate riziki. Mwaka 1898 aliingia mashindano ya kutunga mchezo wa kuigiza, akajiita Janusz Korczak, jina alilolitoa katika kitabu cha hadithi. Jina hilo likamshika maisha.

Alisomea udaktari, akatibu watoto hospitalini, akaenda vitani pamoja na jeshi la Urusi. Mwaka 1912 aliacha hospitali, akawa mkuu wa nyumba ya mayatima wa Kiyahudi katika njia ya Krochmalna. Msaidizi wake alikuwa Bibi Stefania Wilczyńska, naye, kusema kweli, ndiye aliyeiendesha nyumba ile siku kwa siku.

Watoto wale walikuwa na baraza yao, gazeti lao, na korti yao. Korti ndiyo ya kustaajabisha. Mahakimu walikuwa watoto wenyewe, na sheria aliyowaandikia Korczak ilianza na vifungu vingi vya kusamehe kabla ya kufika penye adhabu. Mwalimu naye aliweza kushtakiwa. Katika muda wa nusu mwaka Korczak alijishtaki mwenyewe mara tano: mara moja kwa kumpiga mtoto kibao cha sikio, mara nyingine kwa kumdhania msichana kuwa ni mwizi. Wasomaji wetu wanafunzi wasije wakalipeleka jambo hili kwa Mwalimu Mkuu kwa haraka!

Kitabu chake kilichopendwa kupita vyote kilitoka mwaka 1923, nacho chasimulia habari za Matt, mtoto aliyerithi ufalme akataka kuwapa watoto wenzake bunge. Mambo ya Afrika yaliyomo ni ya kubuni, na Mwafrika akiyasoma atakunja uso. Lakini huzuni ya yule mfalme mdogo ni ya kweli. Mwaka 1926 Korczak alianzisha gazeti lililoandikwa na watoto, na tangu 1934 alizungumza katika redio, akiitwa Daktari Mzee tu.

Wajerumani waliiteka Warsaw mwaka 1939. Mwaka uliofuata Wayahudi wote wa mji walifungiwa ndani ya mtaa uliozungushwa ukuta, na mayatima wakahamishiwa humo. Korczak, mzee na mgonjwa, alizunguka kila siku kuwaombea chakula. Marafiki walio nje ya ukuta walitaka kumtorosha. Alikataa.

Tarehe 18 Julai, 1942, watoto walicheza mchezo wa Tagore, mshairi wa Bara Hindi, uitwao Posta. Ni habari za mtoto mgonjwa aliyefungiwa chumbani, akingoja barua ya mfalme, na mwishowe analala kwa amani. Korczak ndiye aliyeuchagua.

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, askari walikuja. Watoto wapatao 200 walitembea kwa safu hata kwenye garimoshi, Korczak akiwa pamoja nao, na Bibi Wilczyńska pia. Walipelekwa Treblinka, wakauawa wote.

Leo pale Treblinka pamesimamishwa mawe yapatayo 17,000. Yaliyoandikwa yana majina ya miji na vijiji walikotoka waliouawa. Jiwe moja tu lina jina la mtu, nalo ni la Korczak na watoto wake.