Miriamu na Jina Lake

Tulipoombwa kuandika habari za mwimbaji mmoja wa Biblia, wengi walitarajia Daudi. Tumemchagua Miriamu. Aliimba miaka mingi kabla Daudi hajazaliwa, na jina lake halijawahi kukosekana katika kwaya hii: Miriamu, Mariamu, Maria, yote ni jina moja.

Maana yake wataalamu hubishania. Wako wanaolitoa katika neno la Kiebrania la uchungu, kwa kuwa alizaliwa Waisraeli wakiwa watumwa Misri. Wengine husema ni uasi. Wengine hulirudisha kwenye neno la Kimisri cha kale la kupenda. Sisi tukisoma maisha yake tunayaona yote matatu.

Alikuwa binti wa Amramu na Yokebedi. Yule dada aliyesimama kando ya mto akilinda kisafina cha mtoto Musa hatajwi jina katika Kutoka 2, lakini kanisa limemjua siku zote kuwa ni yeye. Walipovuka bahari alitwaa tari, na wanawake wote wakamfuata wakiimba na kucheza. Wimbo wake ni mfupi kuliko kibwagizo chetu, nao huhesabiwa kati ya maneno ya kale kabisa ya Biblia. Siku tatu baadaye watu walikuwa Mara, penye maji machungu.

Kisha kosa lake. Huko Hazerothi yeye na Haruni walimnena Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi, wakataka kujua kwani Mungu husema na Musa peke yake. Miriamu akapigwa ukoma. Haruni hakupigwa (akina mama wetu huuliza sababu kila tunapofika hapo katika funzo la Biblia, na bado hatujawajibu vya kutosha). Musa, aliyesemwa, ndiye aliyemlilia Mungu amponye dada yake. Akafungiwa nje ya kambi siku 7, na siku hizo zote taifa zima halikusafiri. Walimngoja. Sisi tuliowahi kugombana na mwenzetu mazoezini, tukaendelea na ratiba kana kwamba kiti chake hakiko wazi, tunausoma mstari huo polepole.

Alifia Kadeshi, akazikwa huko, nchi ya ahadi hajaiona. Mstari unaofuata wasema watu walikosa maji.