Gitari wa Ngiriambu: Askofu aliyepanda paani kuita majirani

Kijana, kuna usiku ambao usingizi hauji kabisa. Kodi ya nyumba haijalipwa, maombi ya kazi uliyotuma hayajajibiwa, na mama amepiga simu kutoka nyumbani ukamwambia mambo ni sawa ilhali si sawa. Jumapili unafika kanisani unaambiwa ufurahi katika Bwana. Unajiuliza kimoyomoyo: nifurahie nini sasa?

Swali lako si dhambi. Hebu nikupeleke Kianyaga, kule Kirinyaga, kwenye majani chai na kahawa chini ya Mlima Kenya. Karibu na mji huo kuna kijiji kinachoitwa Ngiriambu. Hapo ndipo alipozaliwa David Mukuba Gitari, mnamo Septemba 16, 1937. Baba yake, Samuel Mukuba, alikuwa mwinjilisti aliyehubiri katika miteremko ya mlima huo.

Usidhani alikulia kwenye raha. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, Gitari alikuwa na umri wa miaka 15. Huo ndio umri ambao wewe ulikuwa ukihangaikia mtihani na simu ya kwanza. Yeye alikuwa akisoma huku vijiji vya eneo la Mlima Kenya vikizungushiwa mitaro na watu wakiishi chini ya amri ya kutotoka nje. Hata hivyo alisoma hadi chuo kikuu Nairobi, kisha akaenda Bristol, Uingereza, kusomea theolojia. Aliporudi alifanya kazi na Chama cha Biblia cha Kenya.

Mwaka 1975 mbunge J.M. Kariuki aliuawa. Nchi ikajaa hofu, watu wakawa wananong'ona tu. Gitari alikuwa na kipindi cha mahubiri redioni. Angeweza kuzungumzia mambo mepesi amalize zake aende nyumbani. Badala yake alifundisha kwamba uhai wa binadamu ni mtakatifu, akawakumbusha Wakenya kisa cha Kaini na Habili. Kila aliyesikiliza alielewa anasema nini.

Mwaka huohuo aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki, iliyoanzia Kirinyaga na Embu hadi nyika za Marsabit. Halafu ikaja mlolongo. Kama hukuwa umezaliwa, waulize wazee: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, kila mtu akiona nani yuko wapi. Katika uchaguzi wa 1988, foleni fupi zilitangazwa washindi mchana kweupe. Gitari aliupinga mfumo huo mimbarani, akihubiri kutoka kitabu cha Danieli, yule aliyekataa kuacha kusali kwa sababu ya amri ya mfalme. Wanasiasa wa chama tawala walimwambia aachane na siasa, ashughulike na roho za watu. Jibu lake lilikuwa kuendelea kuhubiri.

Sasa sikiliza hapa. Usiku wa Aprili 21, 1989, genge kubwa la watu lilivamia nyumba yake Kirinyaga. Walikuwa wakivunja ili waingie. Askofu alifanya nini? Alipanda juu ya paa akapiga mayowe. Majirani wakasikia, wakaja mbio, na wavamizi wakatoroka. Alinusurika hivyo.

Wengi wetu tungetarajia mtu wa imani apige magoti chumbani, anyamaze, asubiri malaika. Huyu aliita watu. Nami naona hapo ndipo penye somo letu. Tumefundishwa mtaani kwamba mwenye imani haonyeshi kuwa amelemewa. Anaweka picha ya tabasamu mtandaoni na kuandika kwamba amebarikiwa. Lakini tumaini la Kikristo si kujifanya hakuna watu wanaovunja mlango. Mwenye tumaini hupaza sauti kwa sababu anaamini yuko atakayesikia, Mungu kwanza, na jirani ambaye Mungu humtuma.

Amani nayo si ukimya. Gitari alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Kenya kuanzia 1997 hadi 2002. Julai 7, 1997, polisi waliwavamia watu ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakati wa maandamano ya kudai mageuzi ya katiba. Watu walipigwa humo humo kanisani. Baadaye Gitari aliongoza ibada ya kulitakasa kanisa hilo. Hakusema yaliyopita si ndwele. Uovu ulitajwa, ndipo watu wakainua nyuso na kuabudu tena.

Na furaha je? Iko kwenye ibada. Mwaka 1989, mwaka ule ule wa uvamizi, kanisa lake lilitoa ibada ya Ushirika Mtakatifu iliyotungwa Kenya, na Gitari alikuwa miongoni mwa walioisimamia. Mwishoni mwake, waumini hunyoosha mikono kuelekea msalaba kana kwamba wanafagia kitu. Wanatuma huko matatizo yao, magumu yao na kazi za shetani. Kisha wanainua mikono juu na kuyapeleka matumaini yao kwa Kristo aliyefufuka. Angalia mpangilio huo: matatizo yanatajwa kwanza, tumaini linakuja la mwisho, na mtu anatoka mlangoni akiwa amelishika.

Gitari alistaafu 2002, akafariki Septemba 30, 2013, akiwa na miaka 76. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka uliofuata, na jina lake limetokana na maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho kuhusu mtu anayetaabishwa lakini haangamizwi.

Kwa hivyo usingizi ukikukataa leo usiku, usijilazimishe kutabasamu. Litaje tatizo kwa jina lake mbele za Mungu. Halafu asubuhi mpigie simu mtu mmoja umwambie ukweli: rafiki, mchungaji, au hata yule mama ambaye ulimwambia mambo ni sawa. Na wewe ukisikia mayowe ya jirani, usizime taa ukalala. Majirani wa Gitari hawakulala.