John Stuart Mill, mbunge aliyetaka wanawake waliouawa na wanaume wao wahesabiwe

Mei 1867, katika bunge la Uingereza, mbunge mmoja alisimama na kutaka itolewe hesabu ya wanawake wanaouawa kila mwaka na wanaume waliopaswa kuwalinda, pamoja na adhabu ambayo wauaji hao walipewa. Jina lake John Stuart Mill.

Alizaliwa London tarehe 20 Mei 1806. Hakusoma shule: baba yake, James Mill, alimfundisha mwenyewe nyumbani, na alianza Kigiriki akiwa na miaka 3. Mwaka 1823, akiwa na miaka 17, aliingia kazi katika ofisi za kampuni ya Uingereza iliyotawala India. Alifanya kazi hapo miaka 35. Hilo ni doa katika maisha yake: mtetezi huyu wa uhuru aliona kwamba Wahindi hawajawa tayari kujitawala.

Wakati huo, mwanamke wa Uingereza akiolewa, mali na mshahara wake vilikuwa vya mume. Watoto pia walikuwa chini ya baba. Kuanzia mwaka 1846, Mill na rafiki yake Harriet Taylor waliandika katika magazeti juu ya kesi za wanawake waliopigwa nyumbani. Walionyesha jinsi mwizi wa kitu kidogo alivyofungwa muda mrefu, lakini mume aliyemuumiza mke wake aliachiliwa kwa adhabu nyepesi, kisha akarudi katika nyumba ileile.

Walioana mwaka 1851. Kabla ya ndoa, Mill aliandika karatasi akikataa mamlaka yote ambayo sheria ilimpa mume juu ya mke. Miaka miwili baadaye, bunge lilipitisha sheria ya kumfunga hadi miezi 6 mwanaume anayempiga vibaya mwanamke au mtoto. Wawili hao waliona kwamba haitoshi. Harriet alikufa mwaka 1858 huko Avignon, Ufaransa.

Mwaka 1865 Mill alichaguliwa mbunge wa Westminster. Mwaka huohuo, huko Jamaika, gavana Edward Eyre alizima maandamano ya watu weusi kwa damu: zaidi ya 400 waliuawa. Mill aliongoza kamati iliyotaka gavana huyo afikishwe mbele ya tribinali. Alipata barua za kumtishia kifo, lakini hakurudi nyuma. Hata hivyo, Eyre hakuhukumiwa.

Mwaka 1866 alipeleka bungeni ombi la wanawake karibu 1.500 waliotaka haki ya kupiga kura. Mwaka uliofuata aliomba neno moja tu libadilishwe katika sheria ya uchaguzi: pahali pa kusema mwanaume, iseme mtu. Wabunge 73 walikubali, 196 walikataa. Mwaka 1868 alipoteza kiti chake. Mwaka 1869 alitoa kitabu juu ya utumwa wa mwanamke katika ndoa.

Alikufa Avignon Mei 1873, akazikwa karibu na Harriet. Hakuona matunda mengi ya kazi yake. Mwaka 1878 sheria ilimruhusu mwanamke aliyepigwa vibaya kutengana na mume wake na kupata matunzo. Mwaka 1882 mwanamke aliyeolewa alipata haki ya kumiliki mali yake. Kura ilikuja kwa baadhi ya wanawake mwaka 1918, na kwa usawa na wanaume mwaka 1928.

Kwetu Kongo jambo hili si la zamani. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilidai mke apate ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi kwenye mkataba wa kazi. Sharti hilo liliondolewa Julai 2016 tu. Wamama wengi bado hawajaambiwa kwamba liliondoka.