Archimedes na siri ya tufe

Mtahiniwa anapoulizwa ujazo wa mpira uliotoshea barabara ndani ya kopo, jibu lake hutegemea ugunduzi wa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Aliyeuthibitisha ni Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki aliyezaliwa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, karibu mwaka 287 kabla ya Kristo.

Ujazo wa mcheduara, yaani umbo la kopo, ulikwishajulikana: eneo la kitako mara kimo. Tufe lilikuwa gumu zaidi, kwani halina kitako. Archimedes alilikata kwa fikra katika vipande vyembamba, akavilinganisha na vipande vya mcheduara na vya pia, kana kwamba vimewekwa kwenye mizani. Kisha akaandika uthibitisho kamili.

Matokeo yalikuwa mepesi kukumbuka. Maumbo hayo matatu yakiwa na upana mmoja na kimo kimoja, pia ikijaa lita 1, tufe hujaa lita 2 na mcheduara lita 3. Kwa hiyo mpira ule huchukua theluthi mbili za kopo.

Warumi walipouzingira mji wake, mitambo aliyoibuni iliwazuia kwa muda mrefu. Syracuse ilianguka mwaka 212 kabla ya Kristo. Jemadari Marcellus alitaka mwanachuoni huyo asidhuriwe, lakini askari mmoja alimuua. Juu ya kaburi lake iliwekwa alama ya tufe na mcheduara, kama alivyoagiza.

Mji wake ulimsahau. Mwaka 75 kabla ya Kristo, Cicero, aliyekuwa ofisa wa Kirumi kisiwani humo, alilitafuta kaburi hilo huku wenyeji wakidai halipo. Alilikuta limefunikwa na miiba, akalitambua kwa alama ile.

Maandishi yake nayo yalinusurika kwa tabu. Nakala ya barua aliyomwandikia Eratosthenes, mwanachuoni wa Alexandria nchini Misri, kueleza njia yake ya mizani, ilikwanguliwa katika karne ya 13 ili ngozi yake itumike kwa kitabu cha sala. Mwaka 1906 Johan Heiberg, msomi wa Denmark, aliisoma chini ya sala hizo mjini Constantinople, Istanbul ya leo.

Mahali pa kaburi hapajulikani tena. Uwiano uliochorwa juu yake ungali unafundishwa madarasani.