Marehemu Hukwe Zawose na Jamaa za Vyombo vya Muziki

Watoto wetu wa Shule ya Jumapili wakifundishwa Zaburi ya 150 hudhani zeze ni chombo cha Wayahudi wa kale tu. Basi safari hii twaleta habari za Mtanzania aliyelipiga zeze mpaka likasikika ng'ambo, marehemu Hukwe Zawose.

Alizaliwa yapata mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma, mkoani Dodoma, kati ya Wagogo, watu wa ng'ombe kama sisi Wasukuma. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, kwa kuwa nchi ilikuwa changa na ilitaka sanaa za makabila yake zisipotee. Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, Zawose alikuwa mmoja wa walimu wake. Alikaa mji huo hadi alipofariki tarehe 30 Desemba 2003.

Wazungu huigawa okestra yao katika jamaa nne: vyombo vya nyuzi, vya kupuliza vya mbao, vya kupuliza vya shaba, na vya kupiga. Zeze la Zawose laingia humo bila shida. Lina kibuyu cha kukuza sauti na hupigwa kwa upinde, kwa hiyo ni ndugu wa fidla. Ngoma za muheme nazo ni za kupiga. Lakini ilimba je? Ni sanduku la mbao lenye ndimi za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Haina uzi, haina ngozi, wala haipulizwi. Mwaka 1914 wataalamu wawili, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walitoa mpango mwingine unaouliza jambo moja tu: ni kitu gani kinachotetema? Ni uzi, ni ngozi, ni hewa, au ni mwili wa chombo chenyewe? Kwa mpango huo ilimba ni jamaa moja na njuga alizovaa Zawose miguuni, na pia na kengele ya kanisa! Mwalimu anayetaka kuwaonyesha watoto jamaa hizi hana haja ya okestra. Ngoma, filimbi, zeze na kengele vyatosha.

Wako wazee wanaoona vyombo hivi ni vya kipagani, na kinanda peke yake ndicho cha ibada. Twawaheshimu, ila hatukubaliani nao, maana Zaburi ile ile inataja matari na zeze.

Zawose alitengeneza vyombo vyake mwenyewe, akaongeza nyuzi katika zeze na ndimi katika ilimba. Mwaka 1996 ilitoka albamu yake Chibite, na mwaka 2002 alizunguka Marekani pamoja na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel.

Nyumbani kwake muziki ulikuwa kazi ya ukoo mzima, lakini kwa desturi ya Wagogo wanawake walipiga muheme na kuitikia nyimbo, huku zeze na ilimba vikiwa mikononi mwa wanaume. Kwa hiyo mabinti wa nyumba ile walikua wakisikia vyombo ambavyo hawakutazamiwa kuvipiga mbele ya watu. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, wakipiga zeze na ilimba wenyewe.