Mwalimu Nyerere na vita vya mwaka 1979

Vijana wengi wa hapa Nakivale hawajui kwamba tarehe 25 Februari 1979 mji wa Mbarara, kule tunakokwenda sokoni na hospitali, ulitekwa na jeshi la Tanzania. Aliyelituma ni Mwalimu Julius Nyerere, mtu ambaye hakuwa askari hata siku moja.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa chifu wa Wazanaki. Alibatizwa akiwa kijana, akasoma ualimu Makerere, halafu akaenda Edinburgh. Mwaka 1961 aliiongoza Tanganyika kupata uhuru bila vita.

Idi Amin alipompindua Obote mwaka 1971, Mwalimu alikataa kumtambua Amin, akampokea Obote kama mkimbizi. Mwaka uliofuata aliwaacha wafuasi wa Obote wavuke mpaka na silaha kushambulia Masaka na Mbarara. Walishindwa, wengi wakafa. Mimi naona hapo alikosea. Mgeni uliyempa hifadhi ukimpa na bunduki, nyumba yako imekuwa kambi ya vita. Sisi tuliotoka Kongo hatuhitaji kufundishwa jambo hilo.

Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia Kagera. Waliua watu, wakaswaga ng'ombe, wakavunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba nchi yote mpaka mtoni ni ya Uganda. Viongozi wa Afrika wakaomba mapatano. Mwalimu alitaka kwanza wamlaani mvamizi, nao hawakufanya hivyo. Basi akapigana.

Januari 1979 askari wake waliteka Mutukula, wakaibomoa yote kulipiza kisasi. Habari hizo zilimsikitisha sana, akaamuru raia na mali zao wasiguswe. Hata hivyo Masaka na Mbarara ziliharibiwa vibaya mwezi uliofuata. Amri inatoka Dar es Salaam, lakini anayeshika bunduki ni kijana aliyeiona Kagera ikiwa majivu. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Tanzania, nchi maskini, ikabaki na madeni, na watu wake wakapanga foleni kutafuta sabuni na sukari.

Kwa wakimbizi alikuwa na moyo mpana. Mwaka 1980 aliamua Wanyarwanda wapatao 36,000 wapewe uraia, na mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulimpa medali ya Nansen. Alistaafu mwaka 1985, akarudi kulima Butiama. Huko pia aliandika Injili zote nne kwa tenzi za Kiswahili.

Mwaka 1996 akawa msuluhishi wa Burundi. Ndugu zetu Warundi hawana neno moja juu yake, maana vikwazo alivyoviunga mkono viliwaumiza hata wasio na hatia. Lakini aliendelea kuwaita mezani, mpaka saratani ya damu ikamwua London, tarehe 14 Oktoba 1999. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000, yeye akiwa kaburini Butiama.