BI. JOY ADAMSON: ALIYEMRUDISHA SIMBA KWAO

Mpenzi msomaji, hapa Meru jina la Elsa si geni. Lakini mwanamke aliyemlea simba huyo tunamjua kidogo tu. Hebu nikusimulie maisha yake, maana yana funzo kwetu tunaojitolea kuhifadhi wanyamapori.

Bi. Joy Adamson alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku hizi huitwa Opava, nchini Czech. Alifika Kenya mwaka wa 1937. Kabla ya kujulikana kwa simba, alikuwa mchoraji hodari wa maua ya nchi hii na wa watu wa makabila yetu katika mavazi ya jadi. Mwaka wa 1944 aliolewa na George Adamson, bwana nyama aliyefanya kazi Isiolo.

Tarehe 1 Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia. Kumbe maskini mama yule alikuwa akiwalinda wanawe watatu! Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wao, Elsa, akabaki.

Kumlea Elsa kulikuwa na taabu zake, lakini kumrudisha porini, wacha bwana! Simba aliyezoea chupa ya maziwa atawindaje? Walimpeleka kwanza Maasai Mara, akaugua. Ndipo wakamleta Meru, karibu na mto Ura. George alimpigia mnyama na kumwachia, kisha wakamwacha peke yake kwa siku kadhaa. Pole pole akajifunza kujitafutia. Mwenda kwao si mtumwa: Desemba 1959 Elsa alizaa watoto watatu huko huko porini. Alikufa tarehe 24 Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, akazikwa hapa Meru.

Kitabu cha Bi. Joy, Born Free, kilitoka mwaka wa 1960, na filamu yake mwaka wa 1966. Pato lake kubwa alilitumia kusaidia wanyama. Baadaye alimlea duma, Pippa, naye akamrudisha porini papa hapa Meru.

Lakini hakufanya kazi peke yake. Nuru na Makedde, waliomtunza na kumlinda Elsa, wametajwa kitabuni, ila ni wangapi kati yetu wanaowajua? Na kusema kweli, Bi. Joy alikuwa mpole kwa wanyama kuliko kwa watu. Hasira zake zilijulikana. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa kule Shaba na kijana aliyewahi kumfanyia kazi. Majivu yake yaliletwa Meru, kwa Elsa na Pippa. George naye aliuawa na majambazi huko Kora tarehe 20 Agosti 1989.

Likizo moja mimi na wenzangu tulijitolea kutegua mitego ya waya kando ya mbuga. Nilipoushika waya ule nilitambua kwamba aliyeutega si mgeni wa kutoka ng'ambo. Ni jirani yetu, labda ambaye shamba lake la mahindi limeliwa na ndovu usiku mmoja. Ukimchukia huyo, atatega mwingine kesho.

Basi wenzangu, kutoka kwa Bi. Joy tuige subira na moyo wa kutoa. Huruma yetu, hata hivyo, imfikie na jirani pia. Bila yeye, simba hatakuwa na kwao pa kurudi.